Nissan Leaf la mtumba: namna ya kupima, kulinda na kuuza thamani ya betri

Anayenunua gari la petroli husikiliza injini, huangalia moshi, huuliza limetembea kilomita ngapi. Kwa gari la umeme maswali hayo yana uzito mdogo. Kinachouzwa pale ni betri; bodi, viti na rimu vinafuata baadaye. Magari mawili ya mwaka mmoja, rangi moja na kilomita zilezile yanaweza kutofautiana kwa theluthi nzima ya umbali yanaotembea kwa chaji moja, na kwa macho hutaona tofauti yoyote. Ndiyo maana mnunuzi asiyeonyeshwa namba za betri hujikinga kwa kushusha bei, na muuzaji asiyezijua namba zake hukubali bei hiyo kwa kuwa hana la kujibu.

Maelezo haya yanahusu Nissan Leaf kwa sababu lipo tele katika minada ya Japani, usukani uko kulia, na betri yake inasomeka kwa simu. Mengi yatakayosemwa yanafaa kwa magari mengine ya umeme pia, lakini namba ni za Leaf.

Kwanza, kwa nini bei hushuka haraka

Uchunguzi wa tovuti ya magari ya iSeeCars wa mwaka 2025 huko Marekani ulikuta magari ya umeme yamepoteza wastani wa asilimia 58.8 ya bei ndani ya miaka 5, wakati wastani wa magari yote ulikuwa asilimia 45.6. Wengi huisoma tofauti hiyo kama ushahidi kwamba betri hufa mapema. Sababu kubwa ziko kwingine. Serikali ya Marekani ilikuwa ikitoa nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 kwa gari jipya, mpaka ilipofutwa mwishoni mwa Septemba 2025. Mwenye kununua lililotumika aliitoa nafuu hiyo kwenye hesabu yake kabla hajaanza kupatana. Januari 2023 Tesla ilishusha bei za magari mapya, na yaliyotumika yakaporomoka nayo siku zilezile. Mwaka mmoja baadaye kampuni ya kukodisha ya Hertz ikatangaza kuuza magari 20,000 ya umeme kwa mpigo.

Hasara hiyo humwangukia mwenye gari wa kwanza. Gari likishafika mkono wa pili au wa tatu, bei yake huanza kufuata uwezo wa betri. Hapo ndipo mnunuzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi anapoingia, na hapo ndipo kupima kunapolipa.

Leaf lina udhaifu wake, na ni lazima usemwe wazi: betri ya matoleo yanayozungumziwa hapa haipozwi kwa maji wala kwa feni. Joto likiingia hutoka lenyewe, polepole. Kampuni ya Geotab ilipochambua data za magari mengi mwaka 2019, Leaf la 2015 lilikuwa likipoteza wastani wa asilimia 4.2 ya uwezo kwa mwaka, na Tesla Model S la mwaka huohuo, linalopozwa kwa maji, asilimia 2.3. Katika jimbo la Arizona wenye Leaf za mwanzo walianza kulalamika mapema, mwaka 2012. Mnunuzi wa pwani yetu asilipuuze jambo hili.

Lijue toleo kabla ya kuuliza bei

Tazama namba ya chesisi. ZE0 ni la mwanzo, kuanzia mwishoni mwa 2010, betri ya kWh 24 (kilowati-saa, yaani yuniti za umeme inazobeba). Ukifungua buti ukakuta nundu kubwa nyuma ya viti, ni hilo. Chaja yake imekaa humo. AZE0 lilifuata mwishoni mwa 2012, chaja ikahamia chini ya boneti. Lina betri ya kWh 24, au kWh 30 kuanzia mwishoni mwa 2015. ZE1 ni umbo jipya lililotoka Oktoba 2017 likiwa na kWh 40, na mwaka 2019 likaongezwa toleo la e+ lenye kWh 62.

AZE0 la 24 na la 30 yanafanana sana, na mara nyingi la 24 hutangazwa kama la 30. Usibishane na dalali; namba ya AHr, inayoelezwa hapa chini, itakata shauri.

Kama lengo ni kuuza tena baada ya miaka 3 au 4, achana na ZE0. Hata likiwa rahisi kiasi gani, atakayelinunua baadaye atakuwa ananunua bodi. AZE0 la kWh 24 lifikirie tu kama safari zako zote ni za ndani ya mji na bei inalingana na hali hiyo.

Vifaa vya kupimia

Unahitaji simu, programu ya LeafSpy Pro inayosoma betri ya Leaf, na kifaa kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye OBD2, tundu la kusomea kompyuta ya gari lililo chini ya usukani. Chagua kifaa kilichothibitishwa na watumiaji wa LeafSpy. Vile vya bei ya chini kabisa hukatika katikati ya usomaji au huleta namba zisizoeleweka, ukaja kuliacha gari zuri kwa kosa la kifaa. Ongeza maltimita ya kawaida kwa ajili ya ile betri ndogo ya volti 12.

Kusoma namba

Kwenye dashibodi kuna mistari 12 midogo inayoonyesha uwezo wa betri. Usiichanganye na mistari ya chaji iliyo kando yake. Mstari wa kwanza haupotei mpaka uwezo ushuke chini ya asilimia 85. Baada ya hapo kila mstari ni kama asilimia 6.25. Kwa hiyo gari la mistari 12 linaweza kuwa na asilimia 99 au 86. Muuzaji atasema "iko full, mistari yote 12", na atakuwa amesema kweli, ila hajakwambia lolote kuhusu hiyo asilimia 15 iliyofichwa. Mistari 11 ni kati ya 85 na 79, mistari 10 hushuka hadi 72.5, mistari 9 hadi 66.

Kwenye LeafSpy angalia mambo manne.

AHr (amperi-saa, yaani kiasi cha chaji ambacho betri inaweza kubeba) ndiyo namba ya msingi. Betri mpya ya kWh 24 huonyesha karibu 65, ya 30 karibu 80, ya 40 karibu 115, ya 62 karibu 175. Linalodaiwa kuwa la kWh 30 likikuonyesha 55, huenda ni la 24 lenye asilimia 85. SOH, yaani hali ya afya ya betri, ni namba hiyohiyo iliyogeuzwa kuwa asilimia ya uwezo wa betri mpya.

QC ni idadi ya mara ambazo gari limechajiwa kwa chaja ya kasi. Namba kubwa peke yake si hukumu, lakini gari la kilomita chache lenye QC nyingi mno linaashiria ama matumizi mazito ya barabara kuu, ama odometa iliyorudishwa nyuma. Linganisha na cheti cha usafirishaji cha Japani, ambacho huonyesha usomaji wa odometa katika ukaguzi, na karatasi ya mnada.

Cha nne ni tofauti ya volti kati ya seli. Programu huonyesha jozi 96 kama nguzo zilizopangwa safu. Chaji ikiwa juu ya asilimia 50 na gari limetulia, tofauti kati ya jozi ya juu na ya chini iwe chini ya milivolti 20 au 30. Kisha endesha mpaka chaji ishuke kwenye 20, kanyaga mafuta kwa nguvu huku mwenzako akitazama skrini. Nguzo zote zitazama pamoja kidogo. Hilo ni kawaida. Nguzo moja ikizama peke yake kwa milivolti 100 au zaidi, hiyo ni seli dhaifu, nayo ndiyo itakayolisimamisha gari wakati dashibodi ingali inasema una chaji. Ukiona hivyo, shusha bei kwa gharama ya kubadilisha moduli au ondoka.

Angalizo kuhusu kWh 30: programu ya awali ya kompyuta ya betri hiyo ilikuwa na kasoro ya kuonyesha uwezo mdogo kuliko uliopo, na Nissan ilitoa marekebisho mwaka 2018. Likionyesha SOH ya kusikitisha lakini likafaulu majaribio mawili yanayofuata, huenda umepata gari bora kuliko bei yake.

Majaribio mawili ambayo namba za skrini haziwezi kuyadanganya

Kuna mafundi wenye vifaa vya kuifanya kompyuta ya betri ijione mpya. Baada ya hapo mistari 12 inarudi na SOH inapanda hadi karibu 100, wakati seli ni zilezile zilizochoka. Kompyuta hujifunza ukweli taratibu kwa wiki kadhaa, na mistari huanza kudondoka ukiwa umeshalipa. Gari la miaka 8 lenye AHr kama ya kiwandani likutie shaka. Dawa ni kupima nishati yenyewe.

Jaribio la barabarani:

1. Anza na chaji kati ya asilimia 85 na 95. Rudisha kwenye sifuri kipimo cha safari na kile cha wastani wa km kwa kWh.
2. Zima kiyoyozi. Endesha kawaida kwenye barabara isiyo na milima mpaka utumie angalau asilimia 30. Ukitumia 10 tu, kosa la asilimia moja la dashibodi litavuruga hesabu.
3. Gawa kilomita kwa wastani, kisha gawa jibu kwa sehemu ya chaji uliyotumia.

Mfano: umetembea km 36, dashibodi inasema km 6.8 kwa kWh, chaji imeshuka kutoka 90 hadi 60. 36 kugawa kwa 6.8 ni kWh 5.3; kugawa kwa 0.30 ni kWh 17.6. Betri mpya ya 24 hutoa karibu kWh 21 zinazotumika, ya 30 karibu 27, ya 40 karibu 37, ya 62 karibu 57. Hili la 24 basi liko kwenye asilimia 84. Skrini ikiwa inadai 98, umeshapata jibu.

Likichorwa kobe mdogo kwenye dashibodi na nguvu ikapungua wakati chaji bado ni asilimia 15 au zaidi, usiendelee na majadiliano ya bei.

Jaribio la pili ni la mita ya umeme, na linamfaa zaidi mwenye gari anayetaka ushahidi wa kuuzia. Chaji kutoka 20 hadi 80 usiku mmoja, vitu vingine vyote vya mita hiyo vikiwa vimezimwa, friji ikiwemo. Andika yuniti za LUKU au tokeni kabla na baada. Tuseme mita imeshuka kutoka 148.6 hadi 126.9, yaani yuniti 21.7. Karibu asilimia 14 hupotea njiani kama joto kwenye chaja na nyaya, kwa hiyo zidisha kwa 0.86: zilizoingia ni kWh 18.7. Gawa kwa 0.60, unapata 31.1. Kwa betri ya 40 hiyo ni asilimia 84 ya zile 37. Hesabu ikikaribiana na SOH ndani ya alama 4 au 5, namba za gari ni za kweli. Kwa amperi 10 kazi hii huchukua saa 9 hadi 10.

Kugeuza uwezo kuwa shilingi

Bei yako ya juu kabisa haitoki kwako. Inawekwa na gari kama lako linalotua bandarini leo: bei ya Japani, meli, bima, ushuru, usajili. Tanzania, kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kitakupa kodi. Kumbuka gari lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada. Kenya hairuhusu kabisa kuingiza lililozidi miaka 8, kwa hiyo Leaf kongwe lililoko Nairobi linashindana na makongwe wenzake ya ndani tu, na hilo humsaidia muuzaji kidogo.

Ukishaijua bei ya juu, tafuta bei ya kilowati-saa moja katika soko lako. Chukua matoleo mawili ya mwaka na hali moja yenye betri tofauti, toa bei ndogo kwenye kubwa, gawa kwa tofauti ya kWh zinazotumika. Tuseme tofauti kati ya la 40 na la 62 ni shilingi 8,000,000 za Tanzania. kWh zinazotofautiana ni 20, basi kila moja ina thamani ya 400,000. Leaf la 40 lenye SOH 92 na jingine lenye 86 yametofautiana kWh 2.2, sawa na 880,000. Hii ni hoja anayoweza kuielewa mtu yeyote mezani, na inakata maneno ya "hii imetunzwa vizuri sana, mzee".

Halafu tazama mbele, maana utauza siku moja. Kwa pwani weka makadirio ya asilimia 3 za kupungua kwa mwaka kwa gari linalotunzwa. Kwa Nairobi au Arusha, ambako hewa ni baridi zaidi, 2 zinatosha. Chukua Leaf la 40 lenye SOH 86: kWh 31.8, mara km 6.5 kwa kila kWh, ni km 207; ukibakiza akiba ya asilimia 20 ni km 165 za uhakika. Baada ya miaka 4 pwani, SOH 74, linabaki na km 142. Bado linakwenda Bagamoyo kutoka Dar na kurudi, karibu km 130, bila kuchaji njiani. Sasa chukua la 24 lenye SOH 72: leo ni km 79 za uhakika, baada ya miaka hiyohiyo ni km 66. Linafika Bagamoyo tu. Huo ndio mpaka unaoangusha bei: siku gari linaposhindwa kwenda na kurudi kwenye safari ambayo watu wa mji huo huifanya, nusu ya wanunuzi huondoka kwa pamoja.

Wenye kuishi kwenye miinuko waongeze hesabu hii: Leaf lenye watu lina uzito wa karibu kilo 1,800, na kila mita 100 za kupanda zinakula nusu ya kWh juu ya matumizi ya kawaida. Sehemu yake hurudi ukiteremka, si yote.

Kuilinda thamani kila siku

Adui mkubwa ni joto likikutana na chaji iliyojaa. Betri iliyojaa asilimia 100 ikaachwa juani siku tatu inaumia kuliko iliyotembezwa kilomita 100. Kwa matumizi ya kila siku ishia 80. Kama toleo lako lina chaguo la kuishia 80, liwashe. Kama halina, tumia taimaa. Jaza hadi 100 usiku wa kuamkia safari tu, ili uondoke mara inapojaa. Ukisafiri wiki mbili na kuliacha nyumbani, liache kwenye 40 au 50, kivulini. Kuliacha chini ya 10 kwa wiki kadhaa ni hatari vilevile.

Baada ya kuendesha mchana kwenye lami ya moto, usichomeke papo hapo. Subiri usiku. Chaja ya kasi itumie unapoihitaji, mara moja kwa safari. Ukichaji kwa kasi mara mbili au tatu mfululizo siku moja ya jua, kipimo cha joto la betri hukaribia nyekundu na gari lenyewe hupunguza kasi ya chaji. ZE1 lilijulikana kwa tabia hiyo tangu 2018.

Soketi nayo inahusu thamani. Waya maalumu kutoka kwenye ubao wa fyuzi, milimita za mraba 2.5 kwa masafa mafupi, 4 kama ni mbali. Kifaa cha kukata umeme ukivuja. Waya wa ardhi wa kweli, maana kebo nzuri hukataa kuchaji bila huo. Weka kebo kwenye amperi 10. Plagi ya amperi 13 haikutengenezwa kubeba mzigo kamili saa 10 kila usiku, na ekstensheni iliyokunjwa huyeyuka. Kebo iliyokuja na gari ni ya Japani, yenye plagi ya kule; usiikate na kuifunga plagi ya kwetu. Nunua mpya ya volti 220 hadi 240 yenye kichwa cha Type 1, aina ya mdomo wa kuchajia ulio kwenye Leaf la Japani. Mnunuzi makini atafungua mdomo wa kuchajia na kutazama pini: zikiwa na rangi ya kahawia au plastiki imejikunja, atajua nyumba ilivyokuwa.

Betri ndogo ya volti 12 huwaaibisha wengi. Ikichoka, gari zima huwasha taa za hitilafu, hukataa kuwaka, na mnunuzi anadhani betri kubwa imekufa. Gari likiwa limezimwa usiku mzima isome: 12.4 hadi 12.7 ni sawa, chini ya 12.2 badilisha. Ibadilishe kabla ya kutangaza gari, si baada ya mnunuzi wa kwanza kukimbia.

Magari yanayopozwa kwa maji hayahitaji uangalifu wote huu wa joto. Yenye betri za aina ya LFP (lithiamu, chuma na fosfeti), kama BYD Atto 3, hutaka kujazwa hadi 100 mara kwa mara ili kompyuta isipoteze hesabu. Ukivutiwa na gari la umeme lililotengenezwa kwa ajili ya soko la China, hakikisha kwanza kuhusu tundu lake la kuchajia la kiwango cha China, GB/T, lugha ya skrini na masasisho ya programu. Hayo matatu ndiyo yatakayokusumbua ukitaka kuuza.

Leaf la matoleo haya hutumia CHAdeMO, mdomo wa Kijapani wa chaji ya kasi, na ulimwengu unaiacha: hata Nissan ilitumia CCS, mdomo unaoshindana nao, kwenye Ariya, gari lake jingine la umeme, la Ulaya na Marekani. Kwa anayechaji nyumbani si kitu. Kwa anayetegemea vituo vya njiani, angalia vituo vya njia yako vina mdomo gani kabla ya kulipa. Adapta ya Type 1 kwenda Type 2 (mdomo wa aina ya Ulaya) kwa chaji ya kawaida si ghali. Iache ndani ya gari unapouza.

Kubadilisha betri, na thamani ya ile ya zamani

Inawezekana kuweka betri nzima au kubadilisha moduli mbovu tu, yaani vile vifurushi vya seli vilivyomo ndani yake. Betri ya 24 ina moduli 48. Ukibadilisha moja, lazima iwe na uwezo unaokaribiana na wenzake, la sivyo mpya na za zamani zitavutana na tofauti ya seli itarudi baada ya miezi michache. Betri ya 40 inaweza kuingia kwenye AZE0, lakini inahitaji kisanduku cha kutafsiri mawasiliano kati ya betri na kompyuta ya gari. Japani, kiwanda cha 4R Energy kilichofunguliwa Namie mwaka 2018 kilianza kurekebisha betri za zamani, ile ya 24 ikiuzwa kwa yeni 300,000. Hiyo ni bei ya kule. Huku utategemea betri za magari yaliyogongwa, kwa hiyo zipime kwa LeafSpy zikiwa bado ndani ya gari la asili.

Kazi hii si ya fundi umeme wa mtaani. Betri ina uzito wa karibu kilo 300 na volti zinazokaribia 400. Plagi ya usalama hutolewa kwanza, halafu mtu anangoja dakika 10 kabla ya kugusa chochote chenye waya wa rangi ya chungwa.

Iliyotolewa usiitupe. Betri ya 24 yenye SOH 60 bado inabeba kWh 12, na mafundi wa sola huinunua kwa kuhifadhia umeme. Hiyo ndiyo bei ya chini kabisa ya Leaf lolote, hata likiwa limebondwa.

Kuuza

Anza kukusanya ushahidi siku unayonunua. Kila miezi 3 piga picha ya skrini ya LeafSpy yenye tarehe, kilomita, AHr na tofauti ya seli, yote kwenye folda moja. Mfululizo wa namba zinazoshuka taratibu kwa miaka mitatu hauwezi kughushiwa na mtu aliyeamua kuuza jana. Ongeza cheti cha Japani, risiti za matengenezo, na jaribio moja jipya la mita.

Kuhusu muda: wanunuzi wengi bado huhesabu mistari. Gari lenye SOH 86 na lenye 84 ni lilelile kwa matumizi, lakini la pili limepoteza mstari wa kwanza na litaulizwa maswali mengi. Kama umepanga kuuza mwaka huu, uza kabla ya kuvuka 85, na taja SOH kamili ili anayenunua ajue mstari uko karibu kuondoka.

Tangazo liandikwe hivi:

"Nissan Leaf ZE1, kWh 40, 2019. Km 58,400. AHr 99.1, SOH 86.3, mistari 12. Tofauti ya seli mV 14 kwenye chaji 78, mV 31 kwenye 20. Jaribio la mita 20 hadi 80: yuniti 22.2. Picha za LeafSpy kila miezi 3 tangu liingie nchini. Limekaa Arusha. Kebo ya Type 1 amperi 10, adapta ya Type 2, funguo 2, cheti cha Japani. Mkwaruzo mlango wa nyuma kushoto. Njoo na kifaa chako upime mwenyewe."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayouza. Siku ya kuangalia, liwe na chaji 90 ili mteja aweze kufanya jaribio la barabarani lote, na usimharakishe. Mkikubaliana, andikeni AHr, SOH na kilomita za siku hiyo kwenye hati ya mauziano, wote wawili msaini, kila mmoja abaki na nakala. Futa akaunti na simu zako kwenye mfumo wa gari, mkabidhi kebo ukiwa umeichomeka mbele yake na chaji imeanza, kisha mwende mkabadilishe umiliki siku hiyohiyo.